Dunia tano barazani Ngamiani, Tanga, tukabaki na yenye treni

Usiku ule mama alitoka ndani na chetezo, ubani unafuka, akasimama mlangoni akatutazama mmoja mmoja. Alikuwa amenisikia nikisema kwa sauti nzito: "Jini ametoka majini, mrefu kama mnazi, anauliza nani kati yenu amevua hapa bila idhini." Mimi nilikuwa nasimulia mchezo. Mama hakuwa na habari ya mchezo. Alifukiza baraza zima, akafukiza hadi chini ya meza kwenye miguu ya watu, ndipo akauliza: "Nyinyi mnamwita nani humu?"

Hiyo ilikuwa dunia ya pili kati ya tano tulizojaribu, yaani nchi za kubuni ambamo mchezo wetu wa kusimulia unafanyika, na haikumaliza mwezi. Watu wawili watatu wanaokuja dukani kwangu kuchapa barua za maombi ya kazi wameiona ramani niliyobandika ukutani, wakaniuliza ni ya nchi gani, na baada ya kuelezwa wakataka kujua wao waanze na dunia ipi. Mteja akiwa na haraka namjibu kwa jina moja tu. Asiye na haraka asome haya.

Tunachocheza ni Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana mhusika wake, na jambo likiwa na mashaka dadu la pande 20 linaamua. Kisa kimoja kinaweza kwenda miezi. Wazungu wanakiita kampeni, neno nililoliacha siku ya kwanza kabisa, maana Bodaboda aliniuliza fulana zinagawiwa lini.

Meza yetu ni hii. Bodaboda, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wifi yangu, muuguzi, ambaye Jumamosi nyingine anakuja moja kwa moja kutoka zamu. Mwalimu wa shule ya msingi, aliyekulia kambi ya mkonge huko Muheza. Binamu yangu wa miaka 19, mwenye kompyuta. Na Babu, mstaafu wa reli, baba wa rafiki yangu, ambaye alikuja mara ya kwanza kunywa kahawa tu na kutuamkisha tulioshindwa kumsalimia kwa sababu ya zogo. Msimulizi ni mimi. Tunaanza baada ya Isha, kahawa chungu na kashata vipo, na dadu tunazo seti mbili za kupokezana.

Kutunga dunia yako mwenyewe ni raha, lakini mimi nafungua steshenari saa moja asubuhi na kufunga saa mbili usiku. Ndiyo maana nanunua dunia zilizokwisha andikwa. Na kipimo changu katika kuzihukumu ni kimoja: itanichukua dakika ngapi za maelezo kabla mchezaji hajasema "basi mimi nafanya hivi"? Uzuri wa picha na wingi wa kurasa havinisaidii kitu saa tatu usiku mbele ya watu watano waliochoka.

Tulianza na Forgotten Realms, kama karibu kila mtu anavyoanza. Ni dunia ya Mkanada Ed Greenwood, aliyoanza kuitunga utotoni, ikatolewa rasmi kwa mchezo huu mwaka 1987, na tangu hapo imeandikiwa riwaya na vitabu hadi kabati haitoshi. Kila mtaa wa mji wa Waterdeep una jina na historia. Na huo ndio ulionishinda. Binamu alikuwa ameumaliza mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate 3, uliotoka 2023 na unafanyika katika dunia hiyohiyo. Kila nikifungua mdomo: "Sivyo, dada. Huyo mungu alishakufa." "Sivyo, dada, huyo alirudi." Na hakuwa anakosea! Nilikuwa kama mpishi aliyealikwa kupika kwenye jiko la mtu, kila akinyoosha mkono anaambiwa chumvi haikai hapo. Wengine wanne walikaa kimya wakisikiliza watu wawili wakibishana juu ya nchi wasiyoijua.

Nilijaribu kukwepa kwa kuwapeleka kusini, Chult, nchi ya misitu ambayo kitabu cha 2017 kiliifufua. Kuna bandari inaitwa Port Nyanzaru, ambako watu hushindana mbio barabarani wakiwa wamepanda mijusi mikubwa ya kale. Bodaboda aliipenda hiyo kupita kiasi. Alishinda mbio mbili, akaanguka ya tatu, akataka ya nne, na msitu wenyewe hatukuuingia hata hatua moja. Kama meza yako haina mtu anayeijua dunia hii kuliko wewe, ni chaguo jepesi, kwa sababu msaada umejaa kila mahali mtandaoni. Kama yupo, mpe yeye kazi ya kusimulia.

Ya pili ndiyo ya chetezo. Al-Qadim, ya mwaka 1992, nchi yake inaitwa Zakhara, imefumwa kwa nyuzi za hadithi za alfu lela u lela: masultani, majangwa, merikebu, majini. Nilidhani hapa nimepata kitu cha watu wa pwani. Tatizo likawa kwamba majini wa kitabuni wamepangwa kwa makundi makubwa manne, wa hewa, wa moto, wa maji na wa ardhi, kila mmoja na ukubwa wake na nguvu zake, basi. Mwalimu aliuliza jini huyu wa maji ni wa kabila gani. Kitabu hakina. Anataka marashi au anataka damu? Kitabu hakina. Ana mtu wake anayempanda kichwani? Hakina. "Sasa huyu ni jini gani asiyetaka chochote?" Tanga ukimleta jini mezani lazima uwe umejiandaa, watu wana maswali ya kitaalamu. Nilijibu kwa kubuni usiku kucha, na majibu yangu yakawa mazuri kuliko kitabu, na mama akasikia. Toka siku hiyo ni marufuku.

Dark Sun tuliicheza usiku mmoja. Ni ya 1991: dunia inaitwa Athas, jua limeiunguza, chuma ni adimu kuliko dhahabu, maji yanapiganiwa kwa visu, na uchawi wenyewe ndio ulionyausha mimea yote. Kwa maandishi ni dunia kali sana, naiheshimu. Lakini usiku huo umeme ulikatika, feni ikasimama, na Wifi akaweka karatasi yake chini taratibu. "Wifi, mimi nimetoka zamu. Nyumbani bomba halijatoa maji siku ya pili. Halafu nije hapa nihangaikie maji ya hadithi?" Hakuna aliyembishia.

Greyhawk sikuichezesha, niliisoma tu, lakini siwezi kuipita bila kuisifu. Ni dunia ya Gygax mwenyewe, na toleo la 1980 ni kijitabu cha kurasa 32 pamoja na ramani kubwa mbili. Kurasa 32! Ramani imegawanywa vyumba vya pembe sita, kila chumba maili 30, yaani kama hapa mpaka Pangani hivi. Ufalme mzima unapewa aya chache: nani anatawala, ana askari wangapi, anagombana na nani. Mengine ujaze wewe. Ningekuwa sina duka, ningeichukua hiyo bila kufikiri mara mbili.

Sasa niingie kwenye ile ambayo kila mtu anadhani ndiyo ningeichagua.

Kampuni ya Paizo wana mchezo wao, Pathfinder, ndugu wa Dungeons & Dragons, na dunia yao inaitwa Golarion. Mwaka 2021 walitoa kitabu cha zaidi ya kurasa 300 juu ya sehemu moja ya dunia hiyo, nchi za Mwangi, zilizochotwa kutoka Afrika, na wakawapa kazi waandishi wengi wenye asili ya Afrika. Nilikisoma siku nne, dukani, wateja wakisubiri. Kuna chuo kikongwe kinaitwa Magaambya, kilichoasisiwa na bingwa aitwaye Jatembe na wenzake kumi, wakati dunia ilipokuwa bado kwenye giza la maafa. Kuna watu-buibui wanaojificha kwa sura za binadamu, na ukishakua kwa hadithi za bibi huhitaji kuelezwa. Kuna nchi iliyotoka kuwafukuza wakoloni juzijuzi na sasa inahangaika kujiendesha. Hakuna mshenzi wa msituni anayesubiri kuokolewa na mgeni. Kwa kusoma, hiki ndicho kitabu bora kati ya vyote nilivyovishika, na kanuni zote za mchezo ziko bure kabisa, kwa idhini ya wenyewe, kwenye tovuti ya Archives of Nethys. Bando tu.

Mezani ikawa kazi nyingine. Nilisema, "Mmefika nchi ya Mwangi," na Bodaboda akasema anamfahamu, yuko Nairobi, anauza vipuri. Kicheko dakika kumi. Kuna mji unaitwa Kibwe. Kuna mji mwingine unaitwa Senghor, na Mwalimu akataka kujua kama ni yule rais wa Senegal aliyekuwa mshairi, na kama ni yeye, amefuata nini huku. Kuna watu wanaoitwa Zenj, jina ambalo Waarabu wa kale waliliita pwani hii hii tuliyokaa tukinywa kahawa. Msomaji wa Ulaya akiyakuta majina hayo anasikia ugeni mtamu. Sisi tunasikia watu tunaowajua wamevaa nguo za watu wengine. Kila jina lilimtoa mtu hadithini na kumrudisha barazani.

Lakini kilichotukwamisha hasa ni neno moja. Nilisema Magaambya ni chuo cha uchawi. Babu akakohoa. Kiswahili hakina uchawi mwema; mchawi ni mtu wa kudhuru, tena usiku, tena jirani. Nikasema basi, chuo cha uganga, wahusika wenu ni waganga. Hapo Wifi akaja juu: "Mganga Mkuu ni bosi wangu kazini! Leo nimemwona amebeba faili, hakuwa na joka." Usiku mzima ukaenda kwenye hilo. Tulikubaliana mwishowe kuwaita wajuzi na kazi yao ujuzi, na nawashauri nanyi mlimalize hilo kabla ya kununua kitabu chochote. Mengine madogo tulimaliza kwa njia yetu: wale warefu wenye masikio ya ncha, elf, tumewaita elfi, kwa sababu nilipowaita elfu, kila aliposimama mmoja mlangoni Bodaboda aliuliza kama kuna chenji.

Mwalimu bado ananung'unikia kuondoka Magaambya. Na yeye ndiye aliyesema kwa nini tunanunua nchi za watu wakati Shaaban Robert, mzaliwa wa hapa hapa Tanga, alishatuandikia nchi iliyo angani tangu 1951. Sikuwa na jibu. Nilimmiminia kahawa.

Tukaishia Eberron, na ni kwa ajili ya Babu.

Mwaka 2002 kampuni ya Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo wetu, ilitangaza shindano la kutafuta dunia mpya. Yalikuja mapendekezo zaidi ya 11,000, akashinda Keith Baker, na kitabu kikatoka 2004. Mimi natumia kile cha 2019, alichonibebea binti wa mama mdogo kutoka Muscat ndani ya begi la nguo. Wazo lake ni hili: ikiwa ujuzi wa miujiza unafanya kazi kila siku bila kukosea, watu watautia kwenye biashara. Taa za barabarani ni za ujuzi. Ujumbe unafika mbali kwa ujuzi. Na kuna treni ya radi: mabehewa yanaelea juu ya mstari wa mawe yaliyotiwa nguvu, yakisukumwa na roho ya upepo iliyofungwa ndani ya injini.

Nilisema hivyo tu. Babu, aliyekuwa amekuja kunywa kahawa, akaweka kikombe.

"Mawe hayo yamelala wazi chini?"

"Ndiyo, Babu."

"Njia nzima?"

"Njia nzima."

"Yakiibiwa je?"

Sikuwa nimefikiria. Nilikuwa nimeandaa kisa cha kaburi na hazina, kurasa sita, nikakikunja nikakikalia. Reli yetu hapa ilianza kujengwa 1893, ikafika Moshi 1911, na Babu alikaa miaka yake kwenye stesheni za njia hiyo. Anajua taruma la chuma linageuka skrepa kwa muda gani na dalali hukaa upande gani wa mji. Nikampa karatasi ya mhusika palepale. Tangu usiku huo tunafuatilia wezi wa mawe ya treni ya radi, na mezani ndiye mpelelezi mkuu. Maelezo yalichukua dakika ngapi? Hata mbili hazikufika.

Na haikuwa treni peke yake. Kule kazi zote kubwa zimeshikwa na koo, kila ukoo na alama yake mwilini na biashara yake: Orien wana treni, Kundarak wana benki, Jorasco wana tiba, Cannith wana viwanda. Nilianza kueleza, Mwalimu akanikata. "Kambi ya mkonge hiyo. Nyumba ya kampuni, zahanati ya kampuni, duka la kampuni, na mshahara unarudi dukani." Nikafunga kitabu. Wifi alichagua kuwa mbilikimo wa Jorasco, tabibu ambaye sheria ya ukoo wake inamkataza kutibu kabla ya malipo. Nilidhani atacheka. Alicheza jioni ya kwanza kwa ukimya ambao sijawahi kuuona kwake, na majeruhi wa kwanza alipoletwa bila senti, alitazama dadu muda mrefu kabla ya kulirusha.

Bodaboda ni mtu wa chuma. Hao waliundwa kiwandani kwa ajili ya vita, wana akili na nafsi, na mkataba wa amani ukawapa uhuru wao wakiwa hawajui kazi nyingine. Alielewa haraka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumweleza. "Kama pikipiki ya mkataba," alisema. "Umemaliza kulipa, sasa yako. Swali, abiria wako wapi?"

Vita vyenyewe vilikwenda karibu miaka 100 kati ya mataifa matano yaliyokuwa ufalme mmoja. Kisha siku moja taifa moja, Cyre, likafutika. Ukungu wa kijivu ukalala juu yake na hakuna ajuaye sababu. Miaka miwili baadaye wote wakasaini amani, kwa woga. Mchezo unaanzia miaka miwili baada ya hapo, wakimbizi bado wamejaa mijini. Babu alitusimulia vita vya Novemba 1914 hapa Tanga, Waingereza walivyoteremka kwa meli, Wajerumani wakiwangoja, na nyuki wakawatawanya watu katikati ya risasi; babu zetu walibebeshwa mizigo ya ugomvi usiowahusu. Wakimbizi wa Cyre hawakuhitaji maelezo mengine.

Kasoro zipo. Majina yanavunja meno: Karrnath, Khorvaire, Xen'drik. Karrnath kwetu ni Kanati na imeshapita. Kuna tarehe nyingi kuliko anazohitaji binadamu. Mji wa Sharn, wa minara iliyopandana hadi mawinguni, umepewa sura nzima, na nchi nyingine zimegusiwa tu, kwa hiyo wachezaji wakiamua kupanda treni na kuuacha, msimulizi unabaki na ukurasa na nusu. Kitabu ni kizito na ghali, na kusafirisha ni gharama nyingine juu. Nina mashine ya fotokopi, Mungu ananiona, na nimedurufu karatasi za wahusika peke yake. Asiyeweza kununua aanze na kanuni za msingi, ambazo tangu Januari 2023 ziko huru kwa leseni ya Creative Commons, aazime wazo la treni na koo, na mengine aulize wazee wake.

Jambo moja waandishi wamelifanya ambalo sijaliona kwingine: wamekataa kwa makusudi kusema nini kiliiangamiza Cyre. Kila msimulizi aamue mwenyewe. Hakuna riwaya itakayokuumbua, na hakuna binamu atakayesema "sivyo, dada." Mimi nimeamua. Nimeandika jibu nusu ukurasa, nikalitia kwenye bahasha ya kaki, nikapiga muhuri wa duka kwenye mfuniko, nikampa mama aifungie kabatini pamoja na hati ya kiwanja. Sasa kila Jumamosi Bodaboda anafika nusu saa mapema na mfuko wa machungwa ya Muheza. Mama anayapokea, anashukuru, anamwambia mwanangu bado hujanishawishi.